Kadi za Jumamosi

Kwenye shimo la mwisho mume alipiga mikwaju saba, na mke alikuwa amesimama palepale akiiona yote. Wa kwanza ulizama kwenye nyasi ndefu. Wa pili uliutoa mpira nyasini ukautia mchangani. Wa tatu na wa nne ilikuwa ya kurusha mchanga tu, mpira wenyewe haukubanduka. Wa tano ukapanda kwenye grini, pale penye nyasi fupi zinazozunguka shimo, wa sita ukapita kando ya shimo kwa upana wa kidole, wa saba ndio ukaingia. Mume akainama, akautoa mpira, akaupangusa kwenye suruali na kusema, "Mitano."

Mke akaandika tano.

Fundi Saa, mtu wa tatu katika kundi lao, alikuwa ameshika bendera. Alimtazama mume, akamtazama mke, kisha akairudisha bendera shimoni taratibu sana, kwa ule uangalifu anaoutumia kurudisha skrubu kwenye saa ya mteja. Walipeana mikono wote watatu, kama desturi, wakashukuriana kwa mchezo mzuri.

Gofu ya viwanja vya manispaa haina refa. Hakuna anayekufuata na filimbi wala kamera, na mshindi ni yule mwenye mikwaju michache kuliko wote. Mchezaji hajiandikii alama zake. Anataja idadi ya mikwaju, mwenzake anaiandika kwenye kadi, na mwisho wa mchezo wote wawili wanatia saini chini. Saini mbili zikishakaa pale, maneno yameisha. Mume ndiye aliyemfundisha mkewe hayo, miaka kumi na mmoja nyuma, siku alipomnunulia glavu ya mkono mmoja na kumcheka alipouliza ya pili iko wapi.

Viwanja vya umma vilikuwa vitatu, nao walivijua kama wanavyojua vyumba vya nyumba yao. Kuna kile cha bwawani, ambacho mvua ikinyesha mashimo mawili hufungwa na bata huchukua nafasi. Kuna kile cha kando ya reli, ambacho mchezaji husubiri treni ipite ndipo apige, maana dereva mmoja aliwahi kusimamisha mabehewa yote kuja kulalamikia kioo kilichopasuliwa na mpira. Na kuna hiki cha nyuma ya soko, chenye mashimo tisa yanayochezwa mara mbili, na njia ya miguu inayokata katikati ya shimo la nne. Wenye vikapu wakipita, wachezaji husimama na kuwaamkia, na wengine hujibu kwa kuuliza kama kazi ile inalipa. Fimbo zao zilikuwa za mitumba, hakuna mbili zilizozaliwa nyumba moja. Lakini kila Jumamosi saa moja asubuhi walikuwa pale, yeye mwenye kibanda cha dobi na mumewe mfamasia wa hospitali ya serikali, ambaye wenzake wa kiwanjani walimwita Daktari kwa kumtania, kisha wakasahau kuwa ni utani.

Siku hiyo ilikuwa ya shindano la mwezi. Matokeo yaliposomwa, Daktari alikuwa wa kwanza kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Fundi Saa alikuwa wa pili. Zawadi ilikuwa birika la umeme, bado liko ndani ya boksi lake. Mume alilipokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi mkewe alimwona akicheka mpaka jino la pembeni likaonekana. Mke alipiga makofi pamoja na watu wengine. Viganja vilikuwa vyake, lakini hakusikia vinagongana.

Mambo hayakuanza siku ile. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka uliopita, kule kwenye kiwanja cha reli. Mume alisema minne, naye mke akamkumbusha, bila ubaya wowote, kwamba ni sita, ule uliogonga jiwe na ule wa pili yake ameisahau. Mume aliinua mkono akaanza kuihesabu kwa vidole. Alifika cha tatu akasimama. Akaanza tena, akasimama palepale. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta kitanda hakipo. Hakuongea mpaka wanafika nyumbani, na chakula hakukigusa. Mke akala kiapo kimoyomoyo kwamba hatamsahihisha tena. Mikwaju miwili si roho ya mtu, alijiambia.

Tangu hapo aliandika alichoambiwa. Ilipofika zamu ya mume kumwandikia mwingine, alisema ameacha miwani nyumbani, na miwani ilikuwa inachungulia mfukoni. Basi mke akawa anaandika kadi za wote. Zile za mume alitia saini, mume naye akatia, na nyumbani mume alizipanga kwenye droo ya kabati, ya zamani chini, mpya juu.

Wazo la vidonge lilimjia mara moja tu, akipiga pasi koti lake jeupe la kazini. Kwamba mtu huyu asubuhi anasimama nyuma ya dirisha la hospitali na kuhesabu dawa za watu. Aliliangalia wazo lile kwa muda. Kisha akapiga pasi kola, ambayo tayari alikuwa ameipiga, akalitundika koti.

Jumatatu Fundi Saa alikuja kibandani. Kulikuwa na wateja wawili wanasubiri nguo, naye alikuja na shati mkononi kama mtu mwenye shida ya shati. Alingoja wale wawili waondoke; wa pili hakuondoka, alikuwa mama mmoja aliyetaka kuhesabiwa soksi zake pea kwa pea. Fundi Saa akachoka kungoja.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "mimi na mzee wako tumetoka mbali. Nimekuja kwako kwanza kwa heshima. Lile shimo la mwisho lilikuwa saba."

Mke alimpa yule mama soksi zake.

"Na la tano lilikuwa sita, uliandika nne. Sikutaka kuhesabu, lakini kazi yangu ndiyo hiyo, macho yamezoea vitu vidogo. Shemeji, birika silitaki. Nyumbani ninalo. Ila mtu akila kwenye kadi, na mimi nikanyamaza, basi na mimi nimekula."

Mke alimwambia atayashughulikia. Fundi Saa akasema hapana, jambo limeshatoka mikononi mwake, kuna wengine waliokuwa kundi la nyuma yao nao waliona, na Nahodha wa kiwanja ameitisha kikao Alhamisi jioni. Aliliacha shati. Halikuwa chafu hata kidogo, ila mke alilifua, maana alikuwa ameshaliandikia namba.

Yule mama wa soksi alikuwa bado mlangoni. Aliuliza kama kuna mtu amefariki.

Kikao kilifanyika kwenye kibaraza cha kiduka cha kuuzia mipira, kwenye meza ya plastiki yenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya. Nahodha, mstaafu wa bandari, alikaa katikati, na wajumbe wawili pembeni. Mume alikuwa amevaa suti. Kabla hajaulizwa lolote aliweka boksi la birika mezani, akasema mpaka jambo liishe si haki likae kwake. Nahodha akafungua boksi, akachungulia ndani ya birika. Lilikuwa limetumika. Mume alikuwa amelisugua vizuri, lakini chini palibaki duara jeupe la chumvi ya maji. Nahodha akalifunga boksi, akalisogeza pembeni ya meza kwa kidole, na kidole kile kilimkata mke maini kuliko kama angemkemea mumewe.

Fundi Saa akaeleza alichokiona, kwa kifupi na bila kutia chumvi. Mmoja wa wale wa kundi la nyuma akathibitisha. Nahodha akamgeukia mume.

"Daktari, wewe unasemaje?"

"Nilitaja hesabu yangu," mume alisema. "Sijawahi kula mkwaju wa mtu, wala wangu. Ulizeni viwanja vyote vitatu."

Sauti yake haikutetereka. Alikuwa anasema kweli kama anavyoijua, na mke aliliona hilo, na wale watatu waliona mwongo sugu. Nahodha alishusha pumzi. Alianza kusema kwamba ni aibu, mtu wa umri wake, mtu aliyeaminiwa na serikali kushika dawa za watu. Hapo ndipo mke aliposikia neno dawa na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Ni mimi," alisema.

Wakamtazama.

"Yeye alinitajia sawasawa. Saba alisema saba. Mimi niliandika tano. Nilitaka ashinde."

"Kwa nini, shemeji?" Fundi Saa ndiye aliyeuliza, kabla ya Nahodha.

"Hajashinda kitu siku nyingi."

Jambo liliisha haraka baada ya hapo. Watu hupenda kosa lenye mwenyewe. Daktari alivuliwa ushindi lakini jina lake likabaki safi. Mke akafungiwa viwanja vyote vitatu vya manispaa mwaka mzima, na Nahodha akaandika tangazo mbele yao na kulibandika ubaoni, chini ya lile linalokataza mbwa. Alimwandika kwa cheo chake, Mke wa Daktari, kwa sababu ndilo jina lililojulikana pale. Mke alisimama akalisoma mpaka mwisho. Alitegemea kwamba machozi yatakuja. Hayakuja, na mahali pa machozi hapakuja kitu kingine.

Njiani mume alitembea mbele hatua mbili. Walipita soko likifungwa, wakapita kituo cha polisi, wakapita shule. Karibu na nyumbani alisimama.

"Nilikufundisha mimi," alisema. "Miaka kumi na mmoja. Ukanifanyia hivyo."

"Nisamehe."

"Nataka nijue kitu kimoja. Ni siku ile tu?"

Mke alidhani anauliza kwa ajili ya heshima yake. Alimwona kwenye taa ya barabarani, na suti yake na viatu vyake vilivyong'arishwa kwa ajili ya kikao, akaona kuna kitu mtu huyu anakishikilia kwa nguvu zote. Hakujua ni kitu gani. Alijua tu kwamba yeye si mtu wa kukikwanyua.

"Siku ile tu," alisema.

"Kadi nyingine zote ni za kweli?"

"Za kweli."

Mume akaitikia kwa kichwa. Alipumua, na safari iliyobaki akatembea sambamba naye. Nyumbani hata alimwambia kwamba amemsamehe, na kwamba mwaka si mrefu. Mke alilala usingizi mzito usio na ndoto, akaamka akiwa amechoka vilevile.

Jumatatu iliyofuata, kama saa tano, simu ilimkuta na mikono ya sabuni. Alikuwa mkuu wa famasi ya hospitali, binti aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mumewe na ambaye mpaka leo humwita Mwalimu. Alimwomba afike ofisini kwake kabla ya saa nane mchana. Hapana, Mwalimu hajambo. Kuna jambo moja tu anataka kuliuliza uso kwa uso. Mke alizima mashine, akageuza kibao cha mlangoni, akaenda na kanga yake ya kazini iliyolowa pindo.

Alipita mbele ya dirisha la dawa. Watu walikuwa wengi kwenye mabenchi, na mtoto mmoja alikuwa anakohoa kwa utaratibu, kama mwenye kazi ya kukohoa. Nyuma ya kioo walikuwa vijana wawili wasiomjua. Mumewe hakuwepo. Alimkuta ofisini, ameketi, mikono juu ya magoti, amevaa lile koti jeupe lenye kola iliyopigwa pasi mara mbili. Alimwamkia mkewe kwa kichwa kama wanavyoamkiana watu kwenye foleni.

"Mama, karibu ukae," mkuu alisema. Akasubiri akae. "Mwalimu ameniruhusu nikueleze. Mwezi wa pili alikuja hapa, akafunga mlango ule. Akaniambia, binti, nitoe mezani kabla sijaua mtu. Akasema hesabu zinamkimbia. Tangu siku ile hajagusa kidonge. Anabandika lebo, anapanga stoo. Aliniomba nisikuambie."

Mke alimtazama mumewe. Mume alikuwa anatazama meza.

Miezi yote ile. Koti lile lilikuwa linakwenda stoo. Alikuwa ameogopa bure, au alikuwa amekataa kuogopa bure, hakuweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Alijaribu kufurahi. Aliona furaha iko mahali fulani mbali, kama sauti ya redio ya jirani.

"Daktari wa vichwa alisema tusubiri," mkuu aliendelea. "Tuone kama ugonjwa unasonga mbele au umesimama. Sasa Ijumaa Mwalimu ameniletea hizi."

Akafungua droo, akatoa kadi za gofu zimefungwa kwa mpira. Za zamani chini, mpya juu.

"Ananiambia hausongi. Anasema umerudi nyuma. Anasema kila Jumamosi anahesabu mashimo kumi na nane, na mtu mwingine anaandika, na mtu huyo anatia saini. Mimi gofu siijui, Mama. Ila nimezipitia, na kama ni kweli, basi mtu huyu anahesabu vizuri kuliko mimi. Anaomba arudi mezani. Nimempangia leo saa nane, dirisha la watoto, kule ndiko tuna upungufu. Lakini nilisema kwanza nimwone aliyetia saini." Akamsogezea ile ya juu. "Ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Na hesabu?"

Saa ya ukutani ilisema saa saba na robo. Nje yule mtoto alikuwa bado anakohoa. Mume aliinua uso sasa, akamtazama mkewe, macho makavu, yenye subira, macho ambayo mke aliyajua vizuri bila kujua ameyajulia wapi. Kisha akakumbuka: mume alimtazama hivyo hivyo kila walipotoka kwenye grini.

Mke alifikiri namna tatu nne za kulisema, na zote zilikuwa na maneno mengi.

"Si za kweli," alisema.

Mkuu hakusogea. "Hii?"

"Zote."

"Uliniambia siku ile tu," mume alisema.

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unahesabu vidole. Kule relini. Sikutaka nione tena."

Mume hakukasirika, na mke alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa hiyo hakuwa na pa kuiweka mikono yake. Aliongea na yule binti, si na mkewe, kwa ile sauti yake ya zamani ya kufundishia.

"Nilikuwa nafika mwisho wa shimo sina kitu kichwani. Basi nataja namba yoyote inayoonekana ya maana, halafu namtazama usoni. Nikasema, huyu ananijua. Nikikosea atakunja uso. Hakukunja hata mara moja. Mwanzoni nilijua nabahatisha. Lakini mtu ukipatia kila Jumamosi, unaanza kuamini."

Mke alitaka kumwambia kwamba alifanya vile kwa kumpenda, na ilikuwa kweli, lakini alipolifikiri neno lenyewe halikuwa na uzito wowote mdomoni, akaliacha. Mkuu alivua miwani, akajifuta macho kwa kidole cha shahada, akaivaa tena. Akasema Mwalimu ataendelea na lebo, hilo halina mjadala, na daktari wa vichwa atamwona wiki hii, wote wawili waje. Kisha akavuta faili, kwa sababu ni lazima jambo liandikwe, akaomba kadi zihesabiwe ili aandike ni ngapi zimerudishwa kwa mwenyewe.

Zilikuwa karibu na mume. Alizichukua, akaondoa ule mpira, akaweka kidole juu ya ya kwanza. Kidole kilikaa pale. Halafu akazisogeza zote mbele ya mkewe.

"Hesabu wewe," alisema.

Mke alihesabu kwa sauti, moja moja, akizilaza kifudifudi. Mume alikuwa amegeuka kumtazama, si kadi, uso, naye mke alijua anatazamwa na alijua kwa nini, na hakujua afanye nini na uso wake. Alifika mwisho.

"Ishirini na mbili."

"Ndiyo," mume alisema. "Hata mimi nimepata hizo."

Mkuu aliinua kalamu, akamtazama mke. Mke akaitikia, ndipo akaandika.